Sanduku Lina Kitako

Nimejikuna mgongo mpaka mkono wa kulia umechoka nimehamia wa kushoto, na hapa kazini mwenzangu mmoja kaniuliza kwa upole kabisa kama kwangu kuna kunguni. Kunguni! Ndugu yangu, haya ni majani. Majani makavu ya ng'ombe wa mama, yaliingia kwenye shati Jumamosi na leo Jumanne bado yapo, na nimeoga, tena kwa sabuni ya unga.

Wenye mama Machame, kule mlimani Kilimanjaro, mnanielewa. Masika yakiisha tu simu inaanza, "mwanangu, majani ya huku chini yameshaanza kutoa maua", sauti utadhani anatangaza msiba, maana yakifika kutoa mbegu hapo umebaki na vijiti, ng'ombe anatafuna kutwa na maziwa yanakata. Na kuanika kule juu kihambani, yaani shamba la nyumbani, usijidanganye, Juni yote ni ukungu na vivuli vya migomba, shati lenyewe linamaliza siku tatu kwenye kamba sembuse majani. Kwa hiyo tunashuka shamba la chini, upande wa Boma Ng'ombe kwenye jua la kweli, tunafyeka, tunaanika, tunageuza, tunafunga, tunapandisha. Kuandika ni mstari mmoja.

Mwaka huu nikasema mimi nina diploma, habari za kufunga matita kama enzi za babu hapana. Tunafunga marobota kwa sanduku la mbao, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45, robota linakuja kama kilo 20. Unaliweka chini, unatandika kamba mbili, unajaza majani, mtu anaingia anashindilia, unafunga, unanyanyua sanduku, robota linabaki chini limekaa kistaarabu. Ndo maana sanduku halina kitako. Naomba hapo paeleweke kwa sababu fundi hakupaelewa.

Nilimwambia kwenye simu mara mbili, "Fundi, halina kitako, halina mfuniko." Akajibu "nimekusoma bosi". Jumamosi saa moja asubuhi nalipokea limefunikwa shuka. Shuka! Nafunua, kitako kipo. Mfuniko upo, una bawaba, una komeo la kufuli, na limepigwa vanishi mpaka najiona na tongotongo zangu.

"Nimekuongezea, bosi."

"Fundi, si nilikwambia..."

"Nilijua umeteleza tu. Miaka 20 niko kwenye mbao, nikitoa sanduku halina kitako watu si watasema naumwa?"

Muda wa kugombana haukuwepo, Canter imeshafika na dereva anatazama saa kama anasimamia mtihani. Baba mdogo akasema twende nalo hivyohivyo, kilichoingia kwa juu kitatoka kwa juu. Tukajaza. Akaingia mwenyewe kushindilia, kilo zake 50 na koti, anakanyaga huku anatupa habari za nani anamdai nani kijijini. Tukafunga kamba za katani, safi kabisa. Vuta. Halitoki. Vuta tena, kamba inatukata vidole, robota limetulia kama limejengewa humo. Tukalipindua, tukapiga kitako kwa mpini wa jembe, tukalitikisa watu wanne kama tunamtapisha mtoto aliyemeza sarafu, na kilichotoka ni ndala ya baba mdogo. Moja. Ya kushoto.

Fundi kaitwa, kaja na bodaboda. Hakucheka hata kidogo. Kalizunguka sanduku, kapapasa ubavuni, "Mmenichubulia kazi."

Nikamwambia toa kitako. Ati kile amekipiga gundi na misumari ya nchi tatu, kukitoa ni kazi nyingine na ina bei yake. Yaani nilipie kuwekewa nisichokitaka halafu nilipie kutolewa nisichokitaka! Shikamoo fundi. Diploma yangu iliishia pale, nikachukua shoka, na nikasikia mdomo wangu unatoa Kimachame ambacho sikujua kama bado ninacho, mpaka baba mdogo akavua kofia.

Mbuzi wa jirani walikula robota la tatu tukiwa tunabishana, hao siwaongelei.

Jioni marobota 31. Nikajiona mkulima wa maana, nikakosea nikafungua kikokotoo cha simu. Kilo 620. Ng'ombe mmoja wa frizian mwenye kilo 400 akila majani makavu matupu anapiga kama kilo 12 kwa siku, mama anao wawili. Hata mwezi hauishi! Na kiangazi kinakwenda mpaka Oktoba. Siku nzima, mgongo, vidole, ndala, na bado tutakata migomba na kununua pumba vilevile. Nikaizima simu. Mama sijamwambia, yeye alikuwa anayapanga juu ya chaga yasiguse chini, anaimba.

Halafu tukakaribishwa chai. Zizini kuna ng'ombe wawili, tumepewa chai ya rangi. Maziwa yote yameshakwenda kwenye kituo cha kukusanyia, "ungesema mapema mwanangu." Niseme mapema nini, mimi?

Mfuniko mama kauchukua anaanikia dagaa, anausifia kweli, bawaba bado zinameta. Na hao dagaa wenyewe wa siku hizi, sijui ni kwangu tu, unanunua kilo ukiosha nusu ni mchanga, mwenye duka ukimuuliza anakutazama kama wewe ndo umeuleta mfukoni