Jumapili Ndefu ya Mgonjwa wa Figo

Mjomba wangu anaishi Kibosho. Ni mwaka wa tatu sasa anashuka Moshi mjini kusafishwa damu kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nne kwenye mashine kila anapokwenda. Nyumbani tulizoea kumuuliza habari za figo. Habari za moyo hatukuuliza mpaka Pasaka ya mwaka jana.

Jumapili ile, baada ya misa, tulimkalisha mezani kwa mapenzi yote: mtori wa ndizi, kisha kiburu cha ndizi na maharage, na parachichi pembeni. Kesho yake kituo kikapiga simu kuwa mashine imeharibika, aje Jumanne. Tukaona siku moja si kitu. Usiku miguu ikamwishia nguvu, akashindwa kushuka kitandani, na mapigo ya moyo yakawa yanakuja kwa kusitasita.

Moyo hupiga kwa umeme wake wenyewe, na umeme huo hutokana na madini yanayoingia na kutoka kwenye seli za misuli yake. Potasiamu ni mojawapo ya yale makubwa. Figo nzima hutoa sehemu kubwa ya potasiamu tunayokula, karibu asilimia 90, kupitia mkojo. Zikifa, inabaki mwilini ikisubiri mashine, na ndizi, maharage na parachichi zimejaa potasiamu. Kipimo cha kawaida kwenye damu ni kati ya 3.5 na 5.0. Cha mjomba kilisoma 7.1. Daktari akatuonyesha karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo: wimbi liitwalo T, ambalo kwa kawaida huwa na mgongo wa mviringo kama Kibo, lilikuwa limechongoka kama Mawenzi. Alichomwa kalsiamu kwenye mshipa. Sindano hiyo haipunguzi potasiamu hata kidogo; inaukinga moyo kwa muda mfupi tu. Ikafuata insulini pamoja na glukosi, kisha mashine.

Na mashine yenyewe nayo huutikisa moyo, jambo ambalo sikulijua. Inaondoa kwa saa nne mzigo uliojikusanya kwa siku kadhaa. Potasiamu ikishuka kwa kasi, muda ambao moyo unautumia kujirudisha sawa kiumeme baada ya kila pigo unaweza kurefuka, na hapo mapigo huweza kuvurugika. Kalsiamu ikiwa kidogo mno kwenye maji ya mashine, muda huo hurefuka zaidi. Kwa hiyo anayejiachia kula kwa kuwa "kesho nasafishwa" anajiongezea hatari mara mbili: potasiamu inapopanda, na inapoporomoka.

Mimi naamini siku mbili zile za mwisho wa wiki zisizo na mashine ndizo za kuogopwa kuliko zote, na sisi wa familia ndizo tumezigeuza karamu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 32,000 wanaosafishwa mara tatu kwa wiki, uliona vifo vikiongezeka siku inayofuata pengo hilo refu. Sasa mfikirie anayejilipia mwenyewe, akamudu mara mbili tu, au mara moja.

Ndiyo maana lile neno "mje kesho" bado linaniuma. Mashine huharibika, hilo naelewa. Lakini aliyetoka kwenye pengo refu hasogezwi kama mtu wa miadi ya meno. Angeulizwa kwanza amekula nini, miguu ina nguvu, angepimwa potasiamu na ECG siku hiyohiyo, na nafasi ikatafutwa kituo kingine kabla jua halijazama. Kila kikao alipimwa uzito na presha. Karatasi ya umeme wa moyo wake tuliiona mara ya kwanza usiku ule, na ECG ni kipimo cha dakika chache, hakina hata tone la damu.

Siku hizi mkewe anakata ndizi vipande vidogo, anazichemsha kwenye maji mengi, anayamwaga, ndipo anaanza kupika. Potasiamu nyingi huondoka na maji yale. Mjomba anasema huo si mtori, na kweli ladha imepungua sana. Anakula bakuli moja dogo, halafu anauliza kama gari la Jumatatu alfajiri limeshapatikana.