Hongo ya Kwenda Kolo

Ndugu zangu, msinione nimekaa kimya kibandani tangu Jumatatu mkadhani naumwa. Nahesabu. Nahesabu hela ambazo hazipo.

Mimi ni fundi viatu, soko la Majengo, hapa hapa Dodoma. Kazi yangu ni kukaa. Watu ndio wanaotembea, soli zinaisha, wananiletea. Mpango huo umenilea miaka yote, na sijui ni shetani gani aliyenitoa kwenye kigoda changu Jumamosi iliyopita. Nasema sijui, lakini namjua. Ni shemeji.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni baharia. Siyo hawa mabaharia wa vijiweni wanaoitana baharia wakati hata Bwawa la Mtera hawajaliona. Huyu ni baharia wa maji ya chumvi. Amemenya viazi kwenye meli za watalii kule Mediterania, na akikaa sebuleni kwangu hana hadithi nyingine ila ya Civitavecchia. Hilo ni jina la bandari, iko Italia. Nimejaribu kulitamka mara tatu, mara zote nimejing'ata ulimi.

Kwa maelezo yake, meli inafunga hapo asubuhi, na Roma yenyewe iko kama kilomita 80. Sasa watalii wanagawanyika. Wapo wanaolipia mabasi ya meli, wanabandikwa namba kifuani na kusombwa kama kuku wa kisasa. Na wapo wajanja, wanaokwenda kivyao. Hao wanatoka getini, wanatafuta stesheni, wananunua tiketi ya treni, wanaigonga wenyewe kwenye mashine, na baada ya saa moja hivi wanashuka stesheni ya San Pietro. Hao, kwa miguu mpaka Vatikani. Wanalamba aiskrimu, wanapiga picha, wanarudi. Sharti ni moja tu: meli haimngoji mtu. Ukichelewa ukiwa kwenye basi lao, wanakusubiri. Ukichelewa kivyako, utaiona inakupungia moshi.

Basi wiki mbili zilizopita akapiga simu. "Shem, nakuja Dodoma kivyangu. Nashuka na treni ya mwendokasi asubuhi, tunakwenda Kondoa, tunaona michoro ya mapangoni pale Kolo, jioni narudi zangu Dar."

Nikamwambia shemeji, Kolo siyo San Pietro.

"Shem, wewe si mwenyeji? Unaogopa nini?"

Neno mwenyeji ndilo lililoniua. Mwanaume ukishaitwa mwenyeji huwezi tena kusema hujui gari la Kondoa linapandiwa wapi. Mimi nimezaliwa Ugogo, nimekulia Nkuhungu, na Kondoa naijua kwa kuona imeandikwa kwenye vioo vya magari.

Jumamosi saa nne asubuhi nikawa stesheni. Akashuka kwenye treni kama mtu aliyetoka kuoga. Shati halina kunyanzi, mgongoni kibegi, miguuni raba nyeupe za turubai. Raba hizo niliziona kabla sijauona uso wake. Soli ya gundi, haina hata uzi mmoja. Nikanyamaza, maana mgeni hasalimiwi kwa kukosolewa viatu. Kwa elfu 31 na karibu saa 4 kakaa kwenye kiti chake, kafika. Enzi zile za basi kutoka Dar ulikuwa ukishuka magoti umeyaazima kwa mtu. Treni sina neno nayo. Matatizo yalianza treni ilipoishia.

Nje tukapokewa na dereva mmoja, mtu mzima, mpole, gari lake safi. "Wazee wangu, Kolo kwenda, nawasubiri, na kurudi. Laki mbili na nusu, mafuta juu yangu."

Tulicheka. Mungu anisamehe, tulicheka mpaka shemeji akashika nguzo. "Shem, unaona? Hilo ndilo basi la meli!" Yule mzee akatutazama kwa huruma, akarudi kukaa kwenye gari lake. Hakututukana. Huruma ile ingetosha kunizindua, lakini nilikuwa mwenyeji.

Hapa niseme jambo la mababu zangu. Zamani za misafara, aliyetoka pwani kwenda Tabora na Ujiji alikuwa hana ujanja, lazima apite Ugogo. Na Ugogo maji ni ya kuhesabu, visima vina wenyewe. Kwa hiyo kila mtemi alikuwa anadai hongo, yaani ushuru wa kupita kwake: vitambaa, shanga, nyaya. Unalipa hapa, unatembea siku mbili, unakuta mtemi mwingine, naye anadai yake. Stanley alipita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, akalalamika weee, kaandika kurasa na kurasa. Shuleni nilikuwa nasoma habari hizo nikijisikia raha. Nikawa najiona mimi ndiye mtemi nimekaa chini ya mbuyu, mzungu ananipimia kaniki.

Sikujua kwamba hongo haijafutwa. Imebadilisha watozaji tu, na sasa hata Mgogo analipa.

Mtemi wa kwanza alikuwa na bajaji. Elfu 8 mpaka stendi ya Nane Nane. Sasa shemeji ana dira kwenye simu. "Shem, Kondoa si iko kaskazini? Mbona tunakwenda mashariki?" Nikamwambia ndivyo ilivyo, ukitaka kwenda kaskazini unaanza kwanza na mashariki, mabasi yako huko. Bajaji nayo ikapitia kwa mama mmoja kushusha gunia la mkaa ambalo shemeji alikuwa amelikalia nusu akidhani ni kiti.

Stendi hatukuingia. Tulipokewa. Vijana wanne, wawili wamenishika mkono huu, wawili mkono ule, kila kundi linaapa kwa mama yake kwamba gari lao ndilo linaloondoka. Shati langu la Jumapili likalia tii! kwapani. Walioshinda wakatusukumia ndani ya basi: "Siti mbili za mwisho, wazee, mmebahatika!" Elfu 20 sisi wawili. Na kweli ndani watu walikuwa wamejaa. Dereva akawasha injini, basi likasogea hatua tano, moyo wangu ukatulia.

Halafu likarudi hatua nne.

Kisha abiria mmoja wa mbele akashuka, kama anakwenda kujisaidia. Wa pili akashuka. Yule mama mwenye kikapu akashuka, kikapu kitupu. Baada ya dakika kumi tumebaki mimi, shemeji na kijana mmoja amelala. Nikamgusa bega: "Bwana mdogo, wewe unakwenda Kondoa?" Akafumbua jicho moja. "Hapana mzee, mimi chambo. Nimechoka tu."

Tulikaa saa mbili. Shemeji alinunua zabibu za elfu 5 dirishani, akala zote, mbegu anatema kwenye kiganja kwa adabu za kizungu. Kila nikiuliza, konda ananijibu, "Sasa hivi." Nataka siku moja wataalamu wa lugha watuambie, hili neno sasa hivi lina dakika ngapi?

Saa saba kasoro tukaondoka. Lami mpaka kule ni safi, sina la kusema. Ila tulipopita Veyula, konda akaita, "Makutupora, Makutupora washukaji!" Shemeji akaruka kitini. "Shem! Nimesoma mwenyewe, reli imefika Makutupora! Mbona hatukuja na treni?" Basi zima likatugeukia. Ikabidi nimfafanulie mbele za watu kwamba Makutupora ya reli iko Manyoni, mkoa wa Singida, na hii ni Makutupora ya zabibu. Akanitazama kama vile mimi ndiye niliyezipa majina.

Mayamaya, Chemba, simama, pakia mbuzi, simama, shusha mbuzi. Kondoa tumeingia saa tisa na nusu. Wali maharage na nyama, na soda za moto, elfu 14. Shemeji anatafuna huku ananisomea simu: kumbe Mei 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wa Lettow-Vorbeck na majeshi ya Afrika Kusini chini ya van Deventer walipigana hapa hapa Kondoa Irangi. Wale wa Afrika Kusini walikuja na farasi, na farasi walikufa njiani kwa wingi. Nikawaonea uchungu. Nao walikuja kivyao.

Pale mgahawani ndipo mama ntilie aliponiuliza, kwa upole kabisa, "Lakini baba, kwa nini hamkupanda la Arusha? Lingewashusha Kolo barabarani." Kijiko kikanishinda kukiinua. Shemeji akaniangalia. Mwenyeji nikaangalia maharage.

Mchomoko mpaka Kolo, elfu 6, watu kumi na mmoja kwenye gari la watu saba. Mimi nimepakatwa, kwa umri huu. Kiingilio na mwongozaji, ukiweka na asante yake, elfu 20. Tukadhani tumefika. Mwongozaji akacheka. Vilima vyenyewe viko mbali na barabara kuu, na njia yake ni mawe na makorongo. Bodaboda mbili, kwenda na kurudi, elfu 30. Kila mtemi na wake.

Mlimani raba za shemeji zikatoa ushahidi. Kwanza ilikuwa pa, pa, pa, nikajua tayari. Soli ya kulia imeachia kutoka vidoleni mpaka katikati, inapiga makofi kila hatua, ndani gundi imekauka kama maganda ya kitunguu. Nikaifunga kwa kamba ya katani niliyoiokota, fundo mbili juu, moja chini ya unyayo. Baharia mzima wa Mediterania akapanda Kolo mguu mmoja ukiwa umefungwa kama mzigo wa mkaa.

Lakini michoro, jamani. Hapo nivue kofia. Mwamba umeinama kama paa, na chini yake watu wekundu, wembamba, warefu, vichwa vikubwa, na wanyama: twiga, tembo, pofu. Mwongozaji akasema ile myekundu ni ya wawindaji, wanaihusisha na wazee wa Wasandawe, na ile myeupe ni ya wakulima waliokuja baadaye. Akasema mama mmoja mtafiti, Mary Leakey, alikuja kuinakili mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO ikaiweka kwenye urithi wa dunia. Na wazee wa huku mpaka leo wanakwenda kutambikia mvua kwenye vilima hivi.

Kisha akatuonyesha picha moja. Mtu yuko katikati. Upande huu wawili wamemshika mkono, upande ule wawili wamemshika mkono, wanavutana naye. "Huyu," akasema mwongozaji kwa sauti ya chini, "inadhaniwa ni mwanamke anatekwa, na hawa wengine wanamzuia asichukuliwe."

Mimi na shemeji tukaangaliana.

"Kijana," nikamwambia, "huyo ni abiria. Hapo ni stendi, na hata shati ukiliangalia vizuri limechanika kwapani." Mwongozaji alicheka mpaka akakaa chini. Ila mimi nilikuwa sitanii. Miaka maelfu, na mpiga debe yuleyule!

Jua lilikuwa limeshainama tulipokumbuka meli. Yaani treni. Shemeji akaangalia saa, akawa mwekundu kama ile michoro. Mabasi ya kurudi hakuna. Pale barabarani tukapata mtu mwenye gari, akasema Dodoma kwa laki moja na nusu, "nakufikisheni kwa saa moja na nusu, mzee, mimi naijua hii njia." Tukalipa. Nilitoa hela ya ada, mniombee.

Kuijua njia aliijua kweli. Alijua kila kijiji chenye kibao cha 50 na kila mwembe wenye tochi ya trafiki chini yake, na kila mahali alitambaa kama anasindikiza maiti. Tulipoingia mjini taa zimewaka, na treni imeshaondoka kwa dakika yake, kama walivyoahidi. Nje ya stesheni yule mzee mpole alikuwa bado amekaa kwenye gari lake. Akatuona. Akashusha kioo, akatazama mguu wa shemeji wenye kamba, akapandisha kioo.

Nyumbani mke wangu akachukua daftari la mtoto. Bajaji 8,000, basi 20,000, zabibu 5,000, chakula 14,000, mchomoko 6,000, kiingilio 20,000, boda 30,000, gari 150,000. "Laki mbili na hamsini na tatu," akasema, "na kesho tiketi mpya ya kaka, 31,000."

Shemeji akalivuta daftari. "Subirini. Kiingilio tungelipa vilevile. Chakula tungekula vilevile. Zabibu ni zangu binafsi, toa." Akakata, akakata, akajumlisha na tiketi yake mpya. "Laki mbili na arobaini na tano! Yule mzee alitaka laki mbili na nusu. Shem, umeona faida ya kwenda kivyako? Tumeokoa elfu 5!"

Akanyoosha miguu juu ya meza, amefurahi. Raba ya kulia ikafungua mdomo.

"Soli," nikamwambia, "ni elfu 5."