Dalali, Piga Simu Kwanza
Nyumba inauzwa, ndani kuna chatu wa kufugwa wa mita tatu na nusu, na dalali anagonga geti saa sita mchana na wateja wanne nyuma yake, bila hata kubipu. Jamani! Chatu si kuku wa kuswagwa bandani kwa dakika mbili.

Akiwa amekula sungura jana, haguswi. Ukimbeba na tumbo limejaa anatapika, na kutapika kunamdhoofisha. Mwache wiki nzima. Macho yakiingia ukungu anakaribia kujivua ngozi, na hapo hataki mkono wa mtu. Tena chatu wa ukubwa huo hashikwi na mtu mmoja, wanatakiwa watatu. Anaingizwa kwenye mfuko wa pamba, shuka lililoshonwa linatosha, unapigwa fundo, kisha kwenye boksi gumu la plastiki lenye matundu na mfuniko wa kufunga. Boksi hilo usiliache kwenye gari juani: kwa jua la Dar la Januari atakufa kabla wateja hawajamaliza kukagua jiko.

Mkojo wake mweupe kama chaki uondolewe siku hiyohiyo. Harufu ikibaki, mteja anaanza hadithi za majini, kumbe anatafuta punguzo.

Na kibali cha wanyamapori kikae faili moja na hati ya nyumba.

Chatu mkubwa hula kila baada ya wiki tatu, nne hivi. Siku za kuonyesha nyumba zipo tele. Ni kuuliza tu!