Paul Mooney, kalamu nyuma ya vicheko vya wengine

Desemba 13, 1975, kwenye Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha kituo cha televisheni cha NBC cha Marekani, mchekeshaji Mweusi Richard Pryor yuko kwenye igizo, amekaa kwenye kiti cha msaka kazi. Anaomba kazi ya kufagia. Upande wa pili wa meza Chevy Chase, mchekeshaji Mzungu anayeigiza msaili, anamwambia limebaki jaribio dogo tu: mimi nataja neno, wewe unataja la kwanza linalokujia kichwani. Wanaanza taratibu. Mbwa, mti. Haraka, polepole. Mvua, theluji. Kisha, bila hata kubadilisha sauti, Chase anaanza kuchomeka matusi wanayotukanwa Weusi, na Pryor anarudisha yale wanayotukanwa Wazungu. Yanapanda ngazi kwa ngazi hadi Chase anatamka lile baya kuliko yote, na Pryor anajibu kwa tusi lenye onyo la kifo ndani yake. Tazama uso wake hapo: pua inacheza, shavu linaruka, macho hayapepesi. Msaili anaingiwa na hofu na kumpa kazi palepale, kwa mshahara ambao hakuna mfagiaji mwingine Marekani anayeuota.

Nusu karne hivi imepita na igizo hilo bado linasambazwa. Watu wanamsifu Pryor, na wanastahili kumsifu. Wengine wanamsifu Chase. Aliyeliandika ni Paul Mooney, na hatajwi hata robo ya wanavyotajwa hao wawili. Hilo linaniuma, kwa sababu kicheko kile kilianzia kwenye maisha yake mwenyewe. Pryor alikuwa ameweka sharti kwamba hatoendesha kipindi bila mwandishi wake. Wakubwa wa kipindi wakamwita Mooney na kumhoji, wakamrudia tena na tena, wakitaka kujua huyu ni nani na anajua nini, ilhali tayari alikuwa ameandikia televisheni. Mooney alikwenda kuandika usaili ule ule, ila safari hii akatoa hadharani yale yaliyokuwa yanapita kimyakimya chini ya meza. Ndiyo maana mpaka leo ukilitazama unahisi kuna kitu cha kweli kinaungua.

Alizaliwa Shreveport, Louisiana, Agosti 4, 1941, kwa jina la Paul Gladney, na utoto wake mwingi ulipita Oakland, California, chini ya malezi ya bibi yake. Kabla ya kuandika chochote kilichomlipa alikuwa mtangazaji wa sarakasi, yule anayesimama katikati ya duara na kuwakaribisha wanaoruka kamba. Mimi naona alijifunza hapo ustadi mkubwa: kujua ni lini umati unataka kuogopa, lini unataka kupumua.

Alipokutana na Pryor wakawa kama ndugu. Waliandikia pamoja kipindi cha vichekesho cha televisheni cha Sanford and Son mwaka 1972, wakaandika albamu na maonyesho ya jukwaani. Mwaka 1977 NBC ilimpa Pryor kipindi chake mwenyewe, na Mooney ndiye aliyechangia sana kuleta vipaji vipya, akiwemo kijana aliyekuwa bado hajulikani, Robin Williams. Humo wakaweka igizo la rais wa kwanza Mweusi wa Marekani, rais wa 40, akijibu maswali ya waandishi wa habari: anaanza kwa upole wa kiitifaki, halafu kila swali linalegeza tai kidogo hadi mkutano unageuka vurugu. Kumbuka ni 1977. Kituo kilikipanga kipindi hicho mapema jioni, saa ya familia kukaa na watoto sebuleni, kikawa kinabishana nao kuhusu kila mstari. Vikarushwa vipindi vinne tu, kikafa. Pryor alifariki Desemba 2005, hakumwona Obama. Mooney alimwona.

Mwaka 1990 kipindi cha maigizo ya vichekesho cha In Living Color kilipoanza, Mooney alikuwa miongoni mwa waandishi, na kutoka kwake akatoka Homey, mhusika aliyechezwa na Damon Wayans. Homey ni mfungwa aliyeachiliwa kwa masharti, na moja ya masharti hayo ni kuvaa nguo za kikaragosi na kuwachekesha watoto. Watoto wanamwomba ajipake keki usoni, aanguke, afanye ujinga waliozoea kuuona. Anakataa. Mkononi ana soksi yenye mpira ndani, na anayezidisha anapigwa nayo kichwani. Kwangu mimi hii ndiyo picha kamili ya Mooney ndani ya televisheni: amekubali kuingia ukumbini, amevaa walichomvisha, lakini kujidhalilisha hapana.

Jukwaani kwake mwenyewe hakuwa na hata soksi ya kumkinga. Alizungumza kuhusu rangi bila kupaka asali, na Wazungu walipoinuka na kutoka ukumbini hakuwabembeleza, alihesabu ni sehemu ya kazi. Naamini ndiyo sababu hakuwa nyota wa kiwango cha Pryor au Eddie Murphy. Maneno yake yakipita mdomoni mwa mwingine, mwenye uso wenye huruma kama wa Pryor, yalivumilika. Yakitoka kwake moja kwa moja, yalionekana makali mno. Vituo vilitaka kalamu, havikutaka mwenye kalamu. Hata yeye alilisema hili kwa namna yake miaka ya 2003 na 2004 kwenye Chappelle's Show, kipindi cha mchekeshaji Dave Chappelle, alipoeleza kuwa Mmarekani Mweusi ndiye anayeigwa kuliko mtu yeyote duniani, kila mmoja anataka mwendo wake na mazungumzo yake, ila hakuna anayetaka kuvaa maisha yake. Kizazi kipya kilimjua kupitia kipindi hicho, akiwa na kilemba cha mtabiri, akijibu maswali kwa utulivu wa mzee wa baraza. Nafurahi kwamba Dave Chappelle alimweka mbele ya kamera. Wengi kabla yake walimwacha nyuma ya pazia.

Kuna jambo moja ambalo siko upande wake, na linagusa huku kwetu. Mwaka 1979 Pryor alisafiri kuja Kenya. Akiwa ameketi ukumbini hotelini akawa anatazama watu wakipita, Weusi wa kila namna, wa kila kazi, na akajiuliza kama anamwona hata mmoja wa kuitwa lile neno la N, tusi baya kuliko yote kwa Weusi, alilokuwa amejengea umaarufu wake. Hakumwona. Akaamua kuliacha, na akaisimulia safari hiyo kwenye onyesho lake la Sunset Strip la mwaka 1982, ambalo Mooney alishiriki kuliandika. Yaani rafiki alisaidia kuandaa jukwaa la toba hiyo, kisha yeye mwenyewe akaendelea na neno lile kwa miaka mingi. Hoja yake ilikuwa kwamba ukilitumia mpaka litoke utamu, unamnyang'anya silaha aliyelitunga.

Naiheshimu hoja hiyo, ila naona ilishindwa. Novemba 2006 Michael Richards, mchekeshaji Mzungu, alisimama kwenye klabu ya Laugh Factory jijini Los Angeles na kuwatupia watazamaji Weusi neno hilo kwa hasira, na likauma kama siku ya kwanza. Silaha haikuwa imenyang'anywa na mtu. Mooney aliliona hilo. Akajitokeza hadharani pamoja na Jesse Jackson, mpigania haki za Weusi, na kutangaza kwamba analiacha. Alikuwa na miaka 65, na neno hilo lilikuwa limejaa kwenye kazi yake yote, kuanzia majina ya vichekesho hadi pumzi ya kati ya sentensi. Fundi wa umri huo kutangaza mbele ya kamera kwamba anaweka chini chombo alichokizoea kuliko vyote ni jambo ninalolithamini sana, hata kama Pryor alifika hapo miaka 27 mapema.

Mooney alifariki Oakland, Mei 19, 2021, akiwa na miaka 79. Taarifa nyingi za kifo chake zilimtambulisha kwanza kama mwandishi wa Pryor, kisha zikataja jukwaa lake. Ukitaka kumjua, anza na usaili ule wa 1975, nenda kwa Homey, halafu tafuta albamu yake ya 1993 iitwayo Race, ambako hakuna wa kumsemea. Sikiliza anavyokaa kimya baada ya mstari mgumu, akiwaacha watu waamue wenyewe kama watacheka.