Nyuma Kuna Nafasi

Makumbusho mengi duniani hufungwa Jumatatu. Makumbusho ya Taifa ya Haki za Kiraia, kule Memphis, Tennessee, hufungwa Jumanne. Sisi tulifika Jumanne.

Binamu yangu anayeishi huko alitaka turudi nyumbani. Mimi nikagoma. Ukisimama Mtaa wa Mulberry unaiona moteli ya Lorraine, ambamo ndimo yalimo makumbusho, ilivyokuwa mwaka 1968: bango refu, milango ya rangi ya feruzi, na chini ya roshani magari mawili mapana kama mashua, Dodge ya 1959 yenye mapezi ya kijani na Cadillac nyeupe ya 1968.

"Dada, wageni wamo ndani," nikamwambia. "Magari yao si haya hapa? Gonga, tufunguliwe."

Akanitazama kama anavyotazamwa mgonjwa. Moteli ilifungwa 1988, makumbusho yakafunguliwa 1991, na magari yale yameegeshwa pale makusudi. Halafu akanyoosha kidole juu, kwenye shada la maua lililotundikwa kwenye ukingo wa roshani mbele ya chumba namba 306. Hapo ndipo Martin Luther King alipopigwa risasi, tarehe 4 Aprili 1968, saa 12 na dakika 1 jioni. Nikanyamaza. Kutazama kutoka uani hakuhitaji tiketi, kwa hiyo hata anayefika Jumanne haondoki mikono mitupu, mradi asigonge milango.

Jumatano tulijipanga. Tiketi tulinunua kwa simu usiku. Begi kubwa liache, maana mlangoni kuna ukaguzi. Sweta libebe hata kama nje jasho linakutiririka, kwani viyoyozi vya Wamarekani havina huruma. Na tenga saa tatu. Ukiwa mtu wa kusoma kila kibao, tenga nne.

Sasa, kuhusu basi.

Humo ndani kuna basi zima la aina ya yale ya Montgomery, Alabama, ya mwaka 1955. Unaruhusiwa kupanda. Mimi nimekulia kwenye daladala za Mbagala. Nikiona mlango wa basi uko wazi, miguu haisubiri maelezo. Nikapanda. Mwanga hafifu. Mbele dereva, kimya. Viti vichache nyuma yake ameketi mama mmoja. Nikamsalimu. Hakuitikia. Nikasema moyoni, ndiyo miji mikubwa hiyo. Nikakaa jirani yake.

Mara sauti ya mwanamume, nzito na yenye kisirani, ikatokea upande wa dereva: ondoka hapo, nenda nyuma.

Naomba nieleweke. Sikufikiri. Mtu aliyepanda daladala miaka 20 hafikiri akisikia maneno hayo. Konda akisema "sogea nyuma, nyuma kuna nafasi", unasogea, hata kama huko nyuma hakuna nafasi wala hewa. Nikainuka, nikashika bomba, nikapita "samahani, samahani" katikati ya viti vitupu mpaka kiti cha mwisho kabisa. Nikakaa, magoti pamoja. Dola moja nikaikunja kwa urefu, nikaishika kati ya vidole tayari kwa nauli. Na nilifurahi, maana nilipata dirishani.

Kupitia dirisha hilo nikaona wanafunzi wa shule ya msingi kama 20, wamesimama na mwalimu wao. Wote wananitazama. Mwalimu ameziba mdomo kwa kiganja. Mtoto mmoja akaingiza kichwa mlangoni, akauliza, na wala hakuwa na dhihaka, alitaka tu kujua:

"Mbona umehama?"

Sauti ya dereva ikarudia, safari hii kwa ukali zaidi. Yule mama hakutikisika. Ndipo nilipomwangalia vizuri, mkao wake na utulivu wake, nikagundua kwamba ni sanamu, na ni sanamu ya nani.

Binamu alinieleza mpangilio wa viti kwa sauti iliyokatwakatwa na kicheko. Mabasi yale yalikuwa na viti 36. Kumi vya mbele vya wazungu, kumi vya nyuma vya weusi, na 16 vya katikati ndivyo vilivyokuwa vya ugomvi, kwa sababu dereva ndiye aliyeamua nani akae na nani ainuke. Tarehe 1 Desemba 1955 Rosa Parks, mama mweusi wa ile sanamu, alikaa safu ya kwanza ya hivyo vya katikati. Mzungu mmoja akakosa kiti, dereva akaamuru weusi wote wanne wa safu hiyo wainuke, maana mzungu hakupaswa kukaa safu moja nao. Watatu wakahama. Yeye akabaki, akakamatwa, akatozwa faini ya dola 10 na gharama za mahakama dola 4, na watu weusi wa Montgomery wakasusia mabasi kwa siku 381.

Kwa hiyo mimi nilikuwa wa nne kuhama. Miaka zaidi ya 60 baadaye, na bila mzungu yeyote anayesubiri kiti.

Kuna kingine kilichonishinda. Abiria mweusi aliweza kutakiwa alipe nauli mlango wa mbele, ashuke, azunguke kupanda kwa mlango wa nyuma, na madereva wengine waliondoa gari kabla hajafika. Konda wa Mbagala ana mengi, lakini hilo hajalifikia.

Mbele kidogo kuna kaunta ya chakula, na vile viti virefu ambavyo wanafunzi weusi walivikalia mwaka 1960 wakikataa kuondoka bila kuhudumiwa. Nilipita mbali. Kwa nilivyojifahamu siku ile, mhudumu angenikunjia uso tu ningeondoka na bahashishi ningeacha. Lori la taka, la kuwakumbuka wazoa taka wa Memphis waliogoma Februari 1968 baada ya wenzao wawili kusagwa na mtambo wa gari lao, hatukulitazama kwa kicheko. Wala chumba 306, kinachotazamwa kupitia kioo.

Jioni tukapanda basi la mjini. Nilikaa mbele kabisa, nimeshaapa. Vituo viwili hivi, dereva akageuka.

"Bwana, naomba usogee nyuma."

Nikamkazia macho. "Sihami."

Basi zima likatulia. Binamu akaanza kunivuta shati. Dereva, kwa upole wa kutisha, akanionyesha kibao kilichokuwa juu ya kichwa changu, kisha mlangoni, ambako bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu alikuwa anasubiri nikipishe kile kiti kikunjwe apate pa kukaa.

Nilihama. Nyuma kulikuwa na nafasi.