Jaji alitaka kumwokoa: watoto wa London katika koloni la wafungwa

Desemba 1783, mtoto wa miaka 9 alisimamishwa kizimbani Old Bailey, mahakama ya jinai ya London. Jina lake John Hudson. Aliulizwa anafanya kazi gani, akajibu hana kazi, ila mara mojamoja hufagia dohani. Baba na mama? Wamekufa. Lini? Hajui. Alishtakiwa kuvunja nyumba ya mtu aitwaye William Holdsworth na kuiba shati la kitani, soksi tano za hariri, bastola na aproni mbili. Mwenye nyumba alikuta alama za vidole vya miguu juu ya meza, vidole vyenye masizi, akachukua karatasi akazinakili kwa makini jinsi zilivyokuwa.

Jaji hakuwa mtu katili. Alisema ni kumwonea mtoto wa umri ule kumtia hatiani kwa kuvunja nyumba, kosa ambalo adhabu yake ilikuwa kunyongwa. Akaongeza kwamba angetamani kumnyakua mtoto kama huyo kutoka kwenye maangamizi, maana akiachiwa atarudi kwa watu wabaya wanaowatumia watoto kuiba majumbani. Basi akapatikana na hatia ya wizi tu, akahukumiwa miaka 7 ng'ambo ya bahari.

Kumnyakua, kumwokoa. Neno hilo limebishaniwa hadi leo kila inapozungumzwa habari ya wafungwa wapatao 160,000 waliopelekwa Australia kati ya 1788 na 1868. Wapo wasemao ilikuwa adhabu ya kikatili na hakuna zaidi. Wapo wasemao, hasa wajukuu wa wafungwa wenyewe, kwamba ndiyo iliyowatoa wazee wao kwenye shimo la umaskini.

Hoja ya hawa wa pili si ya kupuuzwa. Anayelaumu adhabu hiyo lazima kwanza aseme John Hudson angeishi vipi London. Mtoto wa kufagia dohani alipandishwa ndani ya bomba jembamba la moshi, akikwea kwa magoti na viwiko. Mwaka 1775 daktari mpasuaji Percivall Pott alikuwa amekwisha kuandika kwamba masizi huwasababishia wafagiaji saratani ya mfuko wa korodani. Nje ya dohani ulikuwepo mtaa, na nyuma ya mtaa ulikuwepo mti wa kunyongea, kwa kuwa sheria ya Uingereza wakati huo ilikuwa na makosa zaidi ya 200 ya kifo. Ng'ambo nako kulikuwa na kitu ambacho London haikuwa nacho: uhaba wa mikono ya kufanya kazi. Mfungwa mwenye tabia njema aliweza kupewa kibali cha kujitafutia riziki kabla muda wake haujaisha, na katika miaka ya mwanzo mwanamume aliyemaliza kifungo aliweza kugawiwa ekari 30 za ardhi. Watoto wao waliozaliwa kule wakawa warefu kuliko wazazi, na hilo ni jambo la chakula kabla ya kuwa la kitu kingine chochote.

Mfano unaopendwa na upande huu ni Mary Wade. Januari 1789, akiwa na umri wa miaka kama 11, alipatikana na hatia pamoja na mwenzake wa miaka 14. Walikuwa wamemwingiza chooni mtoto wa miaka 8 wakamvua nguo: gauni la pamba, kitambaa cha mabegani na kofia ya kitani. Tusimfanye malaika. Shahidi mmoja aliieleza mahakama kwamba Mary alijuta kwa kutomsukumia mtoto yule ndani ya shimo la choo. Wote wawili wakahukumiwa kunyongwa. Kilichowaponya ni kupona kwa mtu mwingine. Mfalme George wa Tatu alikuwa amerukwa na akili, na Machi mwaka huo ilipotangazwa kwamba amerudiwa na fahamu, wanawake waliokuwa wakingoja kitanzi walibadilishiwa adhabu kwa furaha ya siku hiyo. Mary akapandishwa meli ya Lady Juliana, akafika Sydney Juni 1790 baada ya karibu mwaka mzima njiani. Kule akazaa, akaolewa na Jonathan Brooker, aliyekuwa naye mfungwa, wakalima. Mwaka 1823 moto wa msituni uliwateketezea shamba lao karibu na Campbelltown, wakaanza upya. Alipofariki Desemba 1859 alikuwa na uzao hai wa watu zaidi ya 300. Kevin Rudd, aliyekuwa waziri mkuu wa Australia, ni wa ukoo huo.

Ukisikia habari hiyo peke yake, utasema jaji alikuwa sahihi.

Sasa turudi kwa Hudson. Kwanza alipakiwa kwenye Mercury, meli iliyokuwa ikielekea Marekani. Aprili 1784 wafungwa wakaiteka, ikarudi hadi ghuba ya Torbay, na wengi wao wakakamatwa tena, yeye akiwamo. Akakaa kifungoni Uingereza, baadaye katika moja ya zile meli kuukuu zisizosafiri tena zilizogeuzwa jela. Mei 1787 akaondoka na meli ya Friendship katika msafara wa kwanza wa meli 11. Alipofika Sydney Januari 1788 alikuwa na miaka 13, na zaidi ya nusu ya kifungo chake ilikuwa imeisha kabla hajakanyaga hiyo nchi ya kumwokoa. Miaka miwili baadaye chakula kilipopungua Sydney, akapelekwa na meli ya Sirius kwenye kisiwa cha Norfolk, zaidi ya kilomita 1,500 baharini. Meli yenyewe ikavunjika kwenye miamba ya kisiwa hicho Machi 1790.

Tarehe 15 Februari 1791 aliadhibiwa viboko 50. Kosa: kuonekana nje ya kibanda chake baada ya saa tatu usiku.

Hapo inafaa kufanya hesabu ndogo. Miaka 7 kutoka Desemba 1783 inaishia Desemba 1790. Kwa kalenda ya mahakama ileile iliyomhukumu, kijana aliyechapwa kwa kosa lile la saa tatu usiku hakuwa tena na deni la adhabu. Na hilo halikuwa ajabu kwenye koloni. Msafara wa kwanza ulibeba mbegu, pingu, ng'ombe na bendera, lakini Gavana Arthur Phillip hakupewa hati za kuonyesha nani kifungo chake kinaisha lini. Wafungwa walipodai kwamba muda wao umetimia, hakuwa na karatasi ya kuwathibitishia wala kuwakatalia. Serikali iliyojua idadi ya soksi alizoiba mtoto haikuona haja ya kusafirisha tarehe ya kumwachia.

Kwangu mimi, hiyo karatasi iliyosahauliwa ina uzito kuliko viboko. Viboko vilikuwa desturi ya zama. Mabaharia na askari walichapwa vilevile, na vikali zaidi. Lakini mtu aliyekusudia kumwokoa mtoto angekumbuka kuandika siku ya kumrudisha. Hata njia ya kurudi haikuwepo. Aliyemaliza muda wake alijitafutia nauli mwenyewe, safari ya nusu mwaka na zaidi. Miaka 7 kwa maandishi ilikuwa maisha kwa vitendo.

Watetezi watajibu kwamba huo ulikuwa mwanzo, mambo yalikuwa hayajakaa sawa. Kweli, baadaye yalipangwa. Kuanzia 1834 hadi 1849 kulikuwa na Point Puer, jela ya wavulana karibu na Port Arthur, kwenye kisiwa tunachokiita leo Tasmania. Ilipitisha wavulana wapatao 3,000. Walifundishwa kusoma, useremala, ushonaji viatu, kuchonga mawe. Na mkaidi alichapwa au kufungiwa peke yake. Wengine walitoka na ufundi wa kweli mikononi. Sikatai. Ila ufundi wa useremala ungeweza kufundishwa London bila kumvusha mtoto bahari tatu.

Ugumu wa mjadala huu ni kwamba upande mmoja una mashahidi wengi na mwingine hauna. Mary Wade naye alipelekwa Norfolk, na yeye na John Hudson walikuwa wote huko, kisiwa cha kilomita za mraba kama 35, wakati Hudson alipochapwa. Mmoja aliacha ukoo unaokusanyika, unaotunza kaburi na kusimulia. Mwingine, baada ya viboko vile, historia haina la uhakika la kusema juu yake. Tukiuliza "je, adhabu ile iliwasaidia?", wanaojibu ni uzao wa waliosaidika. Katika msafara wa pili wa 1790 wafungwa wapata robo walikufa njiani kwa njaa na maradhi, wenye meli wakiwa wamelipwa kwa kila aliyepakiwa, awe amefika hai au la. Hao wajukuu hawana.

Na hiyo ardhi? Ekari zilizomtoa mfungwa kwenye ufukara hazikuwa pori lisilo na mwenyewe. Shamba la akina Brooker lilikuwa kwenye nchi ya Wadharawal, Wenyeji wa eneo hilo. Miaka saba kabla ya moto ule, Aprili 1816, askari waliotumwa na Gavana Macquarie waliua Wenyeji wasiopungua 14 huko Appin, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Kwa hiyo ninapokubali kwamba Mary Wade alipata maisha bora kuliko aliyoyaacha, na ninakubali, siwezi kuihesabia fadhila hiyo mahakama ya London. Sehemu moja ilitokana na jasho lake, kuzaa na kuzika na kuanza upya kwenye majivu. Sehemu nyingine ililipwa na watu ambao hawakuwa wamemwibia yeyote.

Februari 2008 Kevin Rudd alisimama bungeni Canberra akawaomba radhi Wenyeji wa Australia kwa watoto wao waliochukuliwa na serikali kwa vizazi kadhaa, wengi kwa kisingizio cha kuwalea vyema zaidi. Julai mwaka huohuo alikabidhiwa historia ya ukoo wake, imo Mary Wade na lile gauni la pamba.