Msemaji wa Ukoo na Pikipiki Iliyonuna

Julai ya Molo si wakati wa kumpigia fundi simu saa kumi na moja na nusu alfajiri. Baba Shiku hakujali. Siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo, wazee walikuwa wanamngoja kule Njoro kwa shughuli ya mahari, na pikipiki yake ilikuwa imekataa katakata kuwaka.

Nilipofika, nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu. Baba Shiku alikuwa amevaa suti ya kijivu, tai nyekundu na gambuti. Majirani walikuwa wamekwisha kukusanyika, kila mmoja na ugonjwa wake wa kuipa pikipiki. Mmoja alisema petroli imeganda. (Petroli haigandi Molo. Kabla igande, sisi sote tungekuwa tumeganda zamani.) Mwingine alisema ni jicho la mtu. Guka, mzee wa boma la pili, hakuwa na maoni kuhusu injini. Alikuwa amejifunga leso ya mkewe kichwani kwa sababu boshori lake lilipotea kwenye kamba ya nguo juzi, na hilo ndilo lililokuwa linamuuma.

"Umefanya nini mpaka sasa?" nikamuuliza Baba Shiku.

"Kila kitu, fundi. Nimevuta choki yote, nimepiga kiki mpaka goti likalia. Selfu nayo ikasema nge-nge-nge, ikanyamaza."

Harufu ya petroli ilinifikia hata kabla sijainama. Choki hupunguza hewa ili mchanganyiko uwe mzito, kwa kuwa petroli ikiwa baridi haigeuki mvuke upesi. Lakini Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, iliyopangwa kwa pwani huku tayari inamwaga petroli nyingi kuliko hewa inayopata. Nusu choki kwa kawaida inatosha. Ukiivuta yote ukapiga kiki bila kupumzika, unaifurikisha injini kwa petroli.

Nikaweka mita kwenye betri: volti 11.8. Betri nzima iliyopumzika husoma 12.6 hivi. Baridi huipunguzia nguvu, na oili ya 20W-50 nayo alfajiri kama ile huwa nzito kusukumwa, hivyo selfu, mota ya umeme ya kuwashia injini, inapewa kazi kubwa na chakula kidogo. Kitabu cha pikipiki kikikubali oili ya 10W-30, iliyo nyepesi zaidi kwenye baridi, watu wa Molo wangeamka kwa amani zaidi. Nikamwambia Baba Shiku aache selfu, tutumie kiki.

Nikafunga petroli, nikafungua plagi kwa spana ya 18. Ikatoka imelowa, nyeusi kwa masizi. Plagi kavu ingeniambia petroli haifiki. Hii iliyolowa ilikuwa inasema petroli inafika na kupitiliza, au cheche hakuna. Nikaisugua kwa brashi ya waya, nikapima nafasi kwa geji, milimita 0.7, sawa kabisa. Nikaziba tundu la plagi kwa kitambaa, maana mvuke wa petroli ukikutana na cheche hapo utakuunguza nyusi. Nikairudisha plagi kwenye waya wake, nikaishika ili niiegemeze kwenye chuma cha injini, mbali na tundu. Swichi ilikuwa imewashwa. Nikasema kwa sauti, kila mtu akisikia: "Asiguse mtu kiki mpaka niseme."

Kuna kijana pale alikuwa na roho ya kusaidia. Yeye alisikia neno moja tu, kiki.

Koili ya pikipiki hutoa zaidi ya volti 10,000. Mkondo wake ni mdogo, lakini mkono wangu haukulijua hilo. Kiwiko kilirudi nyuma kikampata Baba Shiku kwenye tai, nami nikatoa sauti ambayo Mama Shiku aliisikia akiwa jikoni, akatoka mbio na mwiko.

"Kuna nini?"

"Cheche iko," nikasema.

Kijana akaomba msamaha. Nikamwambia kwa kuwa sasa anaipenda kiki, aipige tena, mimi nikiwa nimeziba tundu la plagi kwa kidole gumba, waya ukiwa mbali na swichi imezimwa. Kidole kikasukumwa kwa nguvu. Mgandamizo ulikuwepo. Nikalegeza skrubu ya chini ya kikombe cha kabureta, nikakinga kwa chupa ya plastiki inayoonyesha ndani. Maji huzama chini ya petroli na kukaa kama shanga, na baridi ya usiku huyaleta kwenye tangi lisilojaa. Hakukuwa na shanga hata moja.

Hapo Mama Shiku akarudi, safari hii na jiko la makaa. Alitaka kuliweka chini ya injini ili ipate joto kidogo. Mrija wa kabureta ulikuwa ungali unadondosha petroli, tone baada ya tone, palepale jiko lilipokuwa linaelekea. Nikalipokea jiko kwa heshima zote, nikalipeleka kwa Guka, hatua kadhaa kutoka pale. Guka akalikumbatia kwa macho. Huyo peke yake ndiye aliyefaidika asubuhi ile.

Cheche ipo, petroli ipo, mgandamizo upo. Kilichobaki ni hewa. Nikafunga plagi, nikaenda kwenye mkoba kutafuta bisibisi ya kufungulia kifuniko cha ubavuni, mahali filta ya hewa inapokaa. Nilipoinua kichwa, pikipiki haikuwepo.

Walikuwa wamefungua petroli na wanaisukuma kuteremka. Msemaji wa ukoo yuko juu, suti inapepea, kijana wa kiki yuko nyuma na majirani wawili. Kusukuma kuna utaratibu wake: unaweka gia ya pili, unabana klachi, mwendo ukishika unakaa kwa uzito wote na kuachilia klachi, ikishtuka unaibana tena. Nikapiga kelele, "Gia ya pili! Ya pili!" Baba Shiku akaweka ya kwanza. Gurudumu la nyuma likajifunga, likaburuta kwenye tope, na pikipiki ikageuza uso kuelekea kabichi za Mama Shiku.

Isitoshe, muda huo wote petroli isiyoungua ilikuwa imejikusanya kwenye sailensa. Injini ilipojaribu kushika mara moja tu, ikailipua. *PAA!* Punda wa maziwa aliyekuwa anapita barabarani hakungoja maelezo. Aliondoka na mikebe miwili, mmoja kifuniko kikiwa wazi, na mwenye punda akaondoka nyuma yake akitaja jina la Baba Shiku pamoja na majina mengine.

Tulimtoa msemaji kwenye kabichi. Suti ilikuwa bado ya kijivu upande wa kushoto. Nikafungua kifuniko cha ubavuni kimya kimya, maana sikuwa tena na adabu ya kuongea. Kwenye mdomo unaovuta hewa kuingia kwenye filta kulikuwa na kitu cha sufu, kimeshindiliwa barabara, kimelowa umande. Nikakivuta. Kikatoka kirefu, cha rangi ya hudhurungi, na kishada juu.

"Boshori langu!" Guka akasimama na kuliacha jiko.

Baba Shiku akakohoa. Akaeleza kwamba alisikia baridi ndiyo inaua injini, basi akaona aizibie pua isipate homa usiku. Boshori alilikuta limeangushwa na upepo, akadhani halina mwenyewe. Likiwa kavu, sufu ilipitisha hewa kidogo, ndiyo maana jana pikipiki ilikuwa inawaka kwa shida na kutoa moshi mweusi. Leo umande umeiloweka, na juu yake akaongeza choki yote.

Nikafunga petroli, nikasukuma choki ndani, nikazungusha eksileta ya mkononi mpaka mwisho na kupiga kiki kadhaa ili kukausha ndani. Nikafungua petroli tena, nusu choki, nikakanyaga kiki polepole mpaka ikawa ngumu, nikairudisha juu, kisha nikakanyaga mara moja kwa nguvu. Ikawaka. Nikaiacha ingurume dakika mbili bila kuipiga resi, nikirudisha choki kidogo kidogo.

"Ni ngapi, fundi?"

"Mia tano."

"Mia tano ya nini na hujaweka spea hata moja? Umetoa kofia tu!"

"Sawa, Baba Shiku," nikasema, nikimnyooshea Guka mkono. "Guka, nipe hilo boshori nilirudishe nilipolitoa."

Guka alilibana kifuani kwa mikono miwili. Simu yangu ikalia: M-Pesa, mia tano.